Nyumba Isiyo na Kizingiti

Nakivale, 7 Julai 2024

Mama,

Mimi na mjukuu wako Vanessa tunakusalimu. Sisi wazima. Barua hii nampa Mihigo, yule anayepeleka nyanya Mbarara kwa fuso na kupitia Rwekubo. Nimekupigia mara mingi kwa simu ya wifi Doriane, na kila mara unanijibu jambo ambalo sikukuuliza. Nauliza habari ya dawa, unanijibu habari ya kuku. Basi tuandikiane. Masikio yako yapumzike, macho yako bado yanaona vizuri.

Kidonda cha kidole kinaendeleaje? Tangu ulipoondoka kwenda hospitali sijapata neno la kueleweka. Doriane anasema tu, Mama yuko sawa.

Mimi niko ndani ya kazi. Kuta zimesimama, mabati yako juu, na sasa natengeneza ndani. Najua ulivyoiita nyumba yangu siku ile unapanda gari. Ulisema huwezi kulala ndani ya kiberiti. Ni kweli ni ndogo. Nikisimama katikati na Vanessa akanishika mkono, tukanyoosha mikono sote wawili, tunakaribia kugusa ukuta huu na ule. Lakini tangu mvua iangushe ukuta wa nyuma wa nyumba yako, tunalala chini ya shitingi wanayogawia wakimbizi, na upepo ukija ile turubai inapiga kelele kama mtu anayetaka kuingia. Nimechoka kuishi kama abiria.

Udongo wa lipu nimeuchanganya na mavi ya ng'ombe wa Wanyankore wa ng'ambo ya bonde. Semahoro, fundi jirani yetu, amenisaidia kwenye mlango. Tumeweka ngazi mbili na kizingiti kirefu, ili maji ya kilima yasiingie. Kitanda nimekijenga kwa matofali, kimefika kwenye kifua cha Vanessa, na chini yake nimeacha fasi ya magunia ya mahindi. Nataka tuingie kabla ya mvua ya mwezi wa tisa.

Pona upesi.

Chantal, Mama Vanessa


Mbarara, Nyamityobora, 15 Julai 2024

Mama Vanessa,

Barua yako imefika, ina harufu ya nyanya. Nimefurahi.

Kidole hakinisumbui tena. Mshukuru Mungu, na uache kuniuliza.

Nimefikiri juu ya mlango wako. Ngazi mbili za nini? Kwetu Lemera nyumba hazikuwa na ngazi. Mgeni alitembea tu akajikuta ndani, amekwisha kukaribishwa. Kizingiti kirefu kinamwambia mtu afikirie mara mbili. Viondoe, sakafu ilingane na nje. Mtafute Semahoro kabla simenti haijashika.

Usije huku. Najua una nia ya kuja, maana Doriane alipougua ulikuja bila kuitwa na ukakaa mwezi mzima. Safari hii baki. Udongo ukikauka ndani ya karai hauna shukrani. Doriane ananitunza. Mji nimeuzoea, hata kelele za boda sizisikii tena, kama unavyojua masikio yangu.

Mbusu Vanessa.

Mama Godeberthe


Nakivale, 22 Julai 2024

Mama,

Nimeshukuru Mungu kwa kidole, kama ulivyoagiza.

Ngazi zimekwisha kushika, Mama. Nazo hazikuwekwa kwa majivuno. Wewe unakijua kilima chetu. Mvua ya ule usiku ilipita chini ya mlango wako kabla haijaangusha ukuta. Sitaki kulala nikisikiliza maji tena.

Lipu ya kwanza ilinikataa. Niliipiga asubuhi, jioni ikapasuka kila mahali kama kisigino cha mkulima. Semahoro akaja akapitisha kidole kwenye nyufa, akasema udongo wangu ni wa mfinyanzi mno, hauna mchanga. Nikaibandua yote. Vanessa alitaka kulia, nikamwambia aliaye na ashike karai. Ya pili imekaa. Juu yake nitapaka udongo mweupe wa bondeni, ndani pawe na mwanga. Dari nitalifanya na ile shitingi yetu, niioshe kwanza.

Hilo la mji nimelisikia. Ni vizuri ukiwa na raha.

Chantal


Mbarara, 2 Agosti 2024

Mama Vanessa,

Unanijibu habari za nyufa na mimi nilikuuliza mlango.

Upana wake ni upi? Semahoro hupenda milango ya kupita mbuzi. Mtu lazima apite na mzigo wake pande zote mbili, bila kugeuka ubavu. Kama ni mwembamba, mpanue.

Kitanda nacho umekijenga kirefu mno. Mtu mzima hapandi kulala kama kuku anayetafuta kitulio. Kishushe kifike magotini. Sakafu usiisugue ikang'aa kama kioo cha saluni. Iache na ukwaruzo. Tena tafuta mti wa mkaratusi, unyooke, uufunge ukutani kutoka kitandani mpaka mlangoni. Utafaa kuanikia nguo.

Haya si mambo ya kungoja. Niambie umeyafanya.

Mama Godeberthe


Nakivale, 6 Agosti 2024

Mama,

Nimesoma barua yako nikiwa na simenti mikononi, na nakujibu kabla sijanawa, kwa hiyo nisamehe uchafu wa karatasi.

Miaka yote niliyokaa kwako na mwanao Emery, na baada ya Emery kufa, sikusogeza hata chungu bila kuuliza. Ulisema Mubembe kama mimi hajui kupanga nyumba, nikanyamaza. Nilijifunza kuweka mitungi upande unaoupenda. Sikulalamika, kwa sababu nyumba ilikuwa yako.

Hii ni yangu. Udongo wake nimeukanyaga mimi. Matofali yake nimeyafyatua mimi, nikiyageuza juani kama mikate. Hakuna ukuta humu ambao haujui kiganja changu. Na wewe uliye mbali, uliyeiita kiberiti, unanipimia mlango, kitanda, sakafu, mpaka fasi ya kuanikia nguo.

Umesema umezoea mji. Kaa vizuri mjini, Mama. Mimi uniachie mlango wangu.

Chantal


Mbarara, Makenke, 19 Agosti 2024

Wifi Chantal,

Mama hajui kama nakuandikia. Niko hapa karibu na geti la kambi, kwenye meza yangu ya chai. Wanajeshi wananiita na mimi naandika. Watangoja.

Mama amekatwa mguu. Ni wa kulia, juu ya goti. Ule ugonjwa wake wa sukari uliingia ndani ya kidonda. Walianza na kidole, ikaonekana kidole hakitoshi. Ilikuwa mwezi wa sita, kabla hujaandika barua yako ya kwanza. Siku ya kuingia chumba cha upasuaji alinishika mkono akasema, "Chantal asijue. Akijua ataacha nyumba, aje alale chini ya kitanda changu, na mvua itamkuta bila mlango." Akaniapisha. Sasa navunja kiapo, na Mungu ameona sababu.

Wewe unakijua chumba changu, huu muzigo wangu wa kupanga wa Nyamityobora. Uko chini ya barabara, na ngazi zake zimechongwa tu kwenye udongo. Hawezi kupanda wala kushuka. Choo cha wapangaji kiko nyuma, nampeleka mgongoni asubuhi kabla sijaja kazini, na tena nikirudi. Katikati hapo anabaki peke yake. Nilikuwa nashangaa mbona hanywi maji wakati daktari amemwambia anywe. Ndipo nikaelewa. Hanywi ili asihitaji kutoka mpaka nirudi.

Barua yako ya mwisho aliisoma polepole. Akaikunja, akasema, "Amesema kweli. Nyumba ni yake." Hakukasirika, wifi. Afadhali angekasirika. Alikuwa anafanya mazoezi ya magongo kila siku, kutoka kitandani mpaka mlangoni na kurudi, huku anahesabu upana wa hiki na kile. Tangu siku ile magongo yamesimama kwenye kona. Ananiuliza tu kama mvua imeanza Nakivale.

Hakusema anataka kuja kwako. Sijui kama anataka. Mimi simfukuzi, ni mama yangu, nitambeba mpaka mgongo ukatae. Lakini nimeona ujue unamjibu nani.

Doriane


Nakivale, 1 Septemba 2024

Wifi Doriane,

Asante kwa kuvunja kiapo.

Barua yako niliisoma nimekaa kwenye zile ngazi mbili. Nikabaki pale mpaka Vanessa akaja kuniuliza kama tunakula leo au hatuli. Nilikumbuka kila neno nililomwandikia mama. Halafu nikainuka, kwa sababu majuto hayapanui mlango.

Kwanza nilitaka kujua. Nilikunja mguu wangu wa kulia, nikaufunga na kitenge juu kabisa, nikachukua mpini wa jembe na mwiko wa ugali mkubwa ule wa harusi, nikajaribu kuingia nyumbani kwangu. Vanessa alicheka mpaka akashika tumbo. "Mama, unafanya nini vile?" Nikamwambia bibi yake amekatwa mguu. Akaacha kucheka. Akakaa mbele ya mlango akanitazama vizuri, na tangu hapo akawa ananionyesha makosa.

Ngazi ya kwanza nilipanda. Ya pili nilianguka. Nikainuka nikaingia kwa kutambaa, na ndani nikaona nyumba nyingine kabisa, siyo ile niliyojenga. Mlango ulikuwa mwembamba, magongo hayapiti bila kugeuka. Kitanda kilikuwa ukuta. Sakafu niliyokuwa najivunia, niliyoisugua kwa chupa ikang'aa, ilikuwa barafu. Na popote nilipopeleka mkono kutafuta kitu cha kushika, mkono ulikuta lipu laini. Kila jambo ambalo Mama aliagiza, wifi, lilikuwa fasi nilipoanguka.

Nikachukua nyundo. Semahoro alisikia nikivunja, akaja mbio akidhani ni wezi. Akasema, "Mama Vanessa, maji itaingia." Nikamjibu nitapambana nayo. Akasema nikipanua mlango bila kuweka boriti mpya, ukuta utanishukia kichwani, na yeye hataki kushiriki. Akaenda zake. Mimi nikaegemeza magogo, nikakata tofali moja moja upande wa kulia, nikapandisha boriti ndefu zaidi na wanawake wawili wa kwaya. Ukuta umepasuka kidogo juu ya mlango, lakini umesimama. Ubao wa mlango sasa ni mwembamba, nimeongeza kipande cha mbao nyekundu pembeni. Unaonekana kama suruali ya mtoto iliyoongezwa kiraka. Unafunga.

Kitanda nimekishusha. Sakafu nimeikwaruza kwa ufagio wa chelewa kabla simenti mpya haijashika. Choo cha nje nimeanza kukiwekea kiti cha mbao chenye tundu.

Usimwambie kama najua. Nitamwandikia mwenyewe, na nitaandika kwa njia ambayo haitamwinamisha.

Chantal


Nakivale, 1 Septemba 2024

Mama,

Nakuandikia kwa adabu, na ile barua ya Agosti uihesabu kama haikufika.

Nimeondoa ngazi. Vanessa alikuwa anajikwaa. Kizingiti nacho nimekivunja, kinakusanya vumbi. Mlango nimeupanua kwa sababu meza haikupita. Kitanda kimeshuka, kwa kuwa matofali ya juu hayakunyooka. Sakafu ina ukwaruzo, tunateleza tukitoka kuoga. Unaona, uliyosema yote yalikuwa ya faida.

Magunia ya mahindi hayakai tena chini ya kitanda. Nimeyapeleka kwa jirani. Kwa hiyo ndani kuna fasi.

Chantal


Mbarara, 6 Septemba 2024

Mama Vanessa,

Usinijibu nani amekuambia. Doriane tangu utoto hawezi kubeba siri ikafika mlangoni.

Vanessa hajikwai. Mtoto yule anatembea kama mbuzi wa milimani. Na meza huna. Unaandika uongo vibaya, kama mimi.

Basi nitasema kwa mkono wangu mwenyewe. Sina mguu wa kulia. Siku za kwanza niliusikia unawasha, nikapeleka mkono niukune, mkono ukakuta shuka. Nililia siku moja. Kisha niliacha, maana kilio kinataka mtu wa kukusikiliza, na Doriane alikuwa kazini.

Sasa nisikilize. Nilipouliza mambo ya mlango na kitanda, sikuwa naomba kuja kukaa. Nilitaka kuja kama mgeni, siku moja tu. Nione mahali mjukuu wangu analala, nirudi. Nilitaka niingie kwa miguu yangu, mguu mmoja na miti miwili, nisibebwe mbele ya watu kama gunia la muhogo.

Wewe bado kijana. Emery yuko kaburini mwaka wa nne huu, na hakukuacha umezeeka. Atatokea mwanamume. Mwanamume gani ataoa ndani ya chumba ambacho mama wa marehemu amelala karibu na mlango, anakohoa? Nilipoiita nyumba yako kiberiti nilitaka usinihesabu ndani yake. Nilijua nikinyamaza ungenijengea chumba cha pili, na usingemaliza hata kimoja.

Rudisha ngazi. Mvua iko njiani, na itaingia kwa ajili yangu. Mimi nitakaa hapa. Nimekwisha kuamua.

Mama Godeberthe


Nakivale, 12 Septemba 2024

Mama,

Sirudishi ngazi.

Mvua imekuja, na imeingia. Ilikuwa Jumamosi mchana. Maji yaliteremka kilimani, yakafika mlangoni, hayakukuta kitu cha kuyauliza yanakwenda wapi. Yalijaa mpaka kwenye matofali ya kitanda. Vanessa na mimi tulikaa juu tukitazama sufuria zinaelea. Udongo mweupe wa chini ya ukuta ukamomonyoka ukawa uji. Nitasema kweli, nilitaka kuanza kulia, na kama ungekuwepo ningekulilia wewe.

Kisha nikashuka. Nikachukua jembe nikatoka huku bado inanyesha. Ukichimba mfereji jua likiwaka unakisia. Ukichimba mvuani, maji yenyewe yanakuonyesha yanakotaka kupita. Nikafuata mkondo mpaka juu ya kiwanja, nikaukata pale, nikaupindisha. Kesho yake nikaleta mawe. Mbele ya mlango nimejenga mteremko wa murram, ule udongo mwekundu wa barabara, mpana, nimeushindilia kwa gogo mpaka mikono ikavimba. Unapanda pole pole kutoka njiani hadi sakafuni. Hakuna ngazi, na mlango umeinuka kuliko maji. Jana imenyesha tena, kubwa kuliko ile ya kwanza. Nilisimama ndani nikaiona inapita pembeni na kushuka bondeni kwa adabu. Ukuta nimeupaka upya.

Umeandika habari ya mwanamume. Yupo aliyeuliza. Ni Semahoro, tangu mwezi wa saba, na ndiyo sababu alikasirika nilipovunja kazi yake. Sikumjibu wakati ule. Juzi nilimwita. Nikamwambia, "Mama wa Emery amekatwa mguu, na anakuja kukaa humu. Siyo kutembea, kukaa." Akaingia ndani, akatazama kitanda, akatazama mlango. Nikafikiri anatafuta maneno ya kuaga. Akatoka, akarudi na mti wa mkaratusi amekwisha kuumenya maganda. Akaniuliza, "Mama ana urefu gani? Nataka mti ufike kwenye mkono yake." Sijamwambia ndiyo wala hapana, na hana haraka. Lakini mwanamume asiyeweza kupita kando ya kitanda chako asiingie kwangu kabisa.

Umesema umeamua. Lakini Doriane ameniandikia neno la kinywa chako mwenyewe, kwamba nyumba ni yangu. Basi mwenye nyumba ndiye anasema nani analala ndani. Mimi nimesema.

Mihigo atapita kukuchukua Jumamosi ya tarehe 21. Utakaa mbele. Watakaokupandisha zile ngazi za Doriane ni yeye na Doriane, na hiyo ndiyo mara ya mwisho mtu kukubeba. Kunywa maji.

Chantal


Nakivale, 24 Septemba 2024

Doriane mwanangu,

Nimefika. Najua uliingia ndani haraka gari lilipoondoka ili nisione unalia. Nimeona.

Mihigo aliendesha pole pole mpaka nikamwambia mimi si mayai. Rwekubo alisimama kununua mkate. Wanawake wa sokoni walinitambua, wakaja dirishani kunisalimu, na macho yao yakawa yanashuka kwenye shuka uliyonifunika. Nikaiondoa. Nikawaambia tazameni, tumalize. Wakatazama. Mmoja akasema pole, mwingine akaniuliza kama bado naweza kulima. Nilimpenda yule wa pili. Tumeongea mbegu za maharage mpaka Mihigo akarudi.

Fuso haifiki mlangoni. Niliteremka barabarani, na watu walikuwa wamejipanga, kwaya nzima na majirani, kama kumpokea askofu. Nilitafuta uso wa Chantal nikaukosa. Nikajua baadaye kwamba aliwaambia wote, mtu asimguse. Yeye alikuwa amesimama ndani ya nyumba, katikati ya mlango, ananingoja kama mwenye nyumba anavyongoja.

Nikaanza. Njiani nilikwenda vizuri. Wanakwaya waliimba, halafu wakaacha, nadhani waliogopa kunipotezea hesabu. Nilipofika chini ya mteremko gongo la kushoto lilizama kwenye udongo laini, nikaenda upande. Semahoro aliruka. Chantal akasema kutoka mlangoni, wala hakupaza sauti, "Mwache. Anafika."

Nikachomoa gongo. Nikatafuta pagumu. Nikapanda, mwanangu, nikipumua kama ng'ombe wa kulima, na mteremko ule ni mgumu kama barabara ya serikali. Sikuinua mguu wangu hata mara moja kuvuka kitu. Nilitembea tu nikajikuta ndani. Hapo ndipo Chantal alinipa mkono, mikono yote miwili, kama mkwe anavyompa mama mkwe wake, akapiga goti. Mikono yake imekuwa migumu kama ya mwanamume. Vanessa ndiye aliyenitembeza, akanionyesha kila kitu: dari la shitingi lenye herufi za buluu zilizofifia, dirisha, mahali pa kuweka Biblia, kiti cha chooni ambacho amekikalia yeye wa kwanza kukijaribu.

Kuta ni nyeupe. Harufu ni ya udongo mbichi na moshi kidogo. Kitanda kinapokea mtu kama benchi la kanisani, unakaa tu. Vanessa analala katikati yetu na anapiga mateke.

Usidhani tunaishi kama malaika. Jumapili tulikwisha kugombana juu ya jiko. Yeye analitaka upande wa dirisha, mimi nasema moshi utaharibu ukuta mweupe. Akasema ukuta ni wake. Nikasema mapafu ni yangu. Jiko limekaa nje kwanza mpaka mmoja wetu achoke. Semahoro alipita, akasikia, akaendelea na safari yake. Ana akili.

Nakunywa maji, kikombe juu ya kikombe.

Nikuambie jambo moja, kisha nimpe Mihigo barua. Leo asubuhi niliamka kabla yao. Kulikuwa kumeanza kupambazuka, dirisha linaonekana. Nilitaka kutoka. Nikakaa kitandani, nikashusha mguu, nikapata magongo. Nikainuka. Mkono ukaukuta ule mti wa ukutani palepale ulipoutaka. Chantal alikuwa amelala upande wake, kichwa nusu ndani ya blanketi. Magongo yanapiga sakafu ko, ko, na nyumba ni ndogo, mtu yeyote angeamka. Nikasogea hivyo hivyo mpaka mlangoni. Komeo lilikuwa gumu, nikahangaika nalo, nikaegemea, likatoka. Mlango ukafunguka na baridi ikaingia.

Nilipogeuka kuuvuta nyuma yangu, niliona macho yake. Yalikuwa wazi, makavu kabisa, hayana usingizi hata kidogo. Alikuwa ananitazama tangu mwanzo. Akayafumba upesi, akajifanya anakoroma.

Nami nikajifanya sikuona. Nikateremka kwenda chooni peke yangu.

Mama yako,
Godeberthe